Linsidi ya Kuchemsha

Kitako cha bunduki ya Tata kilinifikia Mosocho kikiwa ndani ya gunia la mbolea, pamoja na barua ya polisi. Barua ilisema: kitako kimoja cha mbao, skrubu mbili. Nikahesabu. Kitako kimoja, skrubu mbili. Nikahesabu tena kwa sababu barua ilikuwa na muhuri, na kitu cha muhuri kikipotea hakipotei peke yake, huondoka na mtu. Bado skrubu zilikuwa mbili.

Mtutu na vyuma vyote vilibaki kituoni, kwenye kabati la ofisa wa silaha. Hilo lilikuwa sharti lake, na mimi lilinifaa. Kazi yangu ni viti. Nanunua viti na makochi yaliyochoka, nayapiga msasa, nayapaka vanishi, na kuyauza kwa watu wanaoapa kwamba hawanunui kitu kilichotumika. Bunduki sikuwa nimewahi kuishika, na hata hii sikuishika. Nilishika mbao.

Tata ni baba yangu. Kwa Kigusii baba huitwa tata, na mama ndiye huitwa baba. Mimi nilipewa jina la mamake mzee, kwa hivyo tangu nizaliwe ananiita baba, mbele ya watu, bila aibu. Wageni wakisikia mzee wa miaka themanini akimwita mwanamke baba, hudhani mmoja wetu amechanganyikiwa, na huwa hawakubaliani ni yupi.

Anakaa Ikonge, kwenye chai na migomba yake. Bunduki aliinunua kihalali, kwa leseni, miaka ile tumbili walikuwa wakishuka kutoka mlimani asubuhi na kuingia kwenye mahindi yetu kwa mpangilio, kama watu wanaoenda kazini. Ni bunduki ya mtutu mmoja, ya kurusha marisau, vile vipira vidogo vya risasi. Kwa hesabu yangu ameifyatua mara nne. Kwa hesabu yake ni mara tano, kwa sababu anaingiza na siku ilipogoma. Hakuna tumbili aliyewahi kuumia. Lakini watu wa pale wakielekeza njia husema pinda kwa mzee wa bunduki, na mzee wa bunduki akipita, wanaume walioketi husogea kidogo kwenye benchi hata kama hataki kuketi.

Mwaka uliotangulia walikuwa wamemtoa kwenye kamati ya kituo cha kununulia chai. Walimpa soda na wakamshukuru kwa miaka yake. Alikunywa soda, akarudi nyumbani, na hakulitaja jambo hilo tena. Nililijua kutoka kwa mtu mwingine. Kwa hivyo alipokuja Mosocho na gunia lake la mbolea na kuniambia, kwa sauti ya mtu anayezungumzia mvua, kwamba bunduki huenda ikabaki polisi, nilielewa tunazungumzia nini. Bila ile bunduki angekuwa mzee mmoja mwenye migomba, na pale Ikonge hao hawana idadi.

Mambo yalikuwa hivi. Kila leseni ikiisha, bunduki hupelekwa ikaguliwe. Maofisa wa zamani walikuwa wakiitazama, wakiuliza habari ya tumbili, na kupiga muhuri. Mwaka huu alikuja ofisa mpya, mtu wa pwani, mwenye Kiswahili cha kunyooka kiasi kwamba sisi huku tukimsikia tunaanza kukagua chetu. Aliishika bunduki ya Tata, ikamteleza mikononi, akaikamata kabla haijagusa sakafu.

"Mzee, kitako hiki umekipaka nini?"

"Jeli."

"Jeli ya nini?"

"Ya kukamulia ng'ombe."

Ofisa aliweka bunduki mezani na kufuta mikono. Ndiyo hiyo jeli ya kopo, ya kulainisha chuchu za ng'ombe. Huku kwetu tunajipaka sisi wenyewe miguu, tunawapaka watoto wakienda kanisani, tunapaka bawaba za milango. Tata aliona hakuna sababu ya kubagua bunduki. Kwa miaka mingi, kila Ijumaa, akishamaliza viatu alipaka kitako. Mbao ilikuwa imekunywa mpaka ikachoka kunywa, ikawa ya kijivu, laini kama sabuni iliyolowa, na vumbi la miaka yote lilikuwa mle ndani. Karibu na mwisho wa kitako palikuwa na ufa wa urefu wa kidole.

Ofisa alitoa masharti matatu, na Tata aliyashika kichwani yote. Ufa uzibwe. Jeli itoke. Na kitako kipakwe mafuta ya linsidi, yale ya mbegu za kitani, jinsi kilivyopakwa kiwandani. Vanishi hataki, maana inateleza na ikipasuka inaacha maganda. Jumatatu ya wiki mbili zijazo, saa tatu asubuhi. Kitako kikishikika mkononi, leseni inapigwa muhuri. Kisiposhikika, bunduki inabaki kabatini na mzee anaenda nyumbani na risiti.

"Utaweza?" Tata aliniuliza.

"Ni kama mguu wa kiti," nikamwambia.

"Si mguu. Ni tako."

Mwenzangu anayeuza mitumba kwenye kibanda cha pili alikuwa akisikiliza. Tangu hapo, kila asubuhi, aliniuliza kwa adabu zote tako la mzee linaendeleaje.

Kutoa jeli kulichukua siku tatu. Nilifuta kwa tapentaini, kitambaa baada ya kitambaa, mpaka vitambaa vikaacha kutoka vyeusi vikatoka vya kahawia. Kisha niliweka karatasi za gazeti juu ya mbao na kupitisha pasi ya makaa, na mafuta yakapanda yenyewe kwenye gazeti. Kurasa tano zililowa, pamoja na picha ya mwanasiasa aliyelowa vizuri kuliko wote. Palipokuwa na mibonyeo niliweka kitambaa chenye maji na kukandamiza pasi. Mvuke ukaingia na mbao ikainuka. Ufa niliujaza gundi, nikaukaza kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Siku ya tatu nikapiga msasa, mnene kwanza, mwembamba baadaye, na chini ya uchafu wote ule ikatokea mbao ya rangi ya chai ya rangi, yenye mistari myeusi. Sikuijua. Si mvule, si mkaratusi, si saiprasi. Ilikuwa mbao ya kigeni na nzuri sana, na kama ingekuwa kiti ningeiuza siku hiyo hiyo.

Mpaka hapo sina cha kujilaumu. Makosa yalianza Ijumaa, nilipoenda mjini Kisii kununua mafuta.

Duka la vifaa ninaponunua vanishi lina muuzaji mtu wa ziwani, mpole, ambaye amenizoea. Ananiita mama na anajua kwamba bei ya kwanza atakayotaja ni salamu tu.

"Linsidi unayo?"

"Iko, mama. Iko mbichi na iko ya kuchemsha."

"Tofauti ni nini?"

"Mbichi ni mbichi. Ya kuchemsha ni ya kuchemsha."

"Nimesikia. Kwa nini hii ya kuchemsha ni ghali hivi?"

"Si imechemshwa."

"Kwa moto gani? Wa dhahabu?"

Alicheka. Nikamtajia bei yangu. Akasema kwa hiyo bei anaweza kunipa mbichi. Nikamwuliza, hizi zote si zinatoka kwenye mbegu moja? Akasema ni mbegu moja, ndiyo. Nikamwuliza, hakuna kilichotiwa? Hapo kastoma mwingine akamwita, aliyetaka misumari ya paa kwa kilo, na jibu langu likaenda na misumari. Nikasimama nikifikiri. Nyumbani nina jiko, nina sufuria kuukuu, nina makaa. Mtu ananiuzia kitu ambacho nitakichemsha mwenyewe kwa nusu saa, na anataka nilipie moto wake. Nikianza kulipia kuchemshiwa, kesho nitalipia kutafuniwa.

Nikachukua mbichi. Hata hiyo nilimpunguzisha bei, nikatoka nikijiona mtu mwenye akili.

Jumamosi ni Sabato, sikugusa kitu. Jumapili asubuhi nikawasha jiko nyuma ya nyumba na kuchemsha. Kusema kweli yale mafuta hayachemki. Maji yakichemka yanakuambia. Mafuta yanakaa kimya, kisha yanaanza kutoa moshi, kisha unajiuliza kama huo moshi ndio kuchemka. Mwenzangu wa mitumba akaja kwenye ua na kanga mdomoni.

"Unapika samaki gani?"

"Ni mafuta ya kupaka kitako."

"Lazima yawe moto?"

Niliendelea kukoroga. Moshi ulipozidi, niliepua sufuria, maana nilianza kuona nyumba ikienda pamoja na kitako. Niliacha yapoe. Yalikuwa mekundu kidogo, na mazito kidogo, au nilitaka kuyaona hivyo. Nikapaka. Nikapaka vizuri, kama ninavyopaka vanishi, mkono mmoja, yaani tabaka moja, mzito wa kushiba. Mbao ikawaka. Mistari yote myeusi ikatokea kama imeandikwa kwa kalamu. Nikakitundika kitako kwa waya kwenye kivuli, nikaondoka nimeridhika.

Jumatatu kilikuwa bado kimelowa. Nikasema ni baridi. Nikaongeza mkono wa pili ili kiwe na mwili. Jumanne kilinata. Nikakitoa juani. Kilinata kikiwa na joto.

Jumatano Tata alikuja kuangalia, bila kupiga simu, kwa sababu anaamini simu inawapa watu nafasi ya kujiandaa. Alikuta kitako kinaning'inia uani. Akakitazama. Akanyoosha kidole na kukigusa, na kidole kikabaki pale kidogo kabla hakijarudi. Halafu akabandua kitu.

"Hili ni unyoya."

"Ni wa kuku."

"Najua ni wa kuku." Akabandua mwingine. "Na huu."

Nikahesabu. Manyoya mawili, mbu watatu, na uzi wa buluu ambao mpaka leo sijui ulitoka wapi. Nikahesabu tena. Mbu walikuwa wanne.

Tata aliketi kwenye kiti kimojawapo cha kuuza. Hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. Alisema tu, "Baba, ofisa alisema kishikike. Hiki kinashika chenyewe." Kisha akaniuliza, kama mtu anayeuliza nauli, iwapo kwenye risiti ya polisi huwa wanaandika sababu.

"Sababu gani?"

"Ya kubaki na bunduki. Wakiandika kwamba mwenyewe hakuitunza."

Nikamwambia hakuna risiti itakayoandikwa. Nilisema hivyo kwa nguvu sana, kwa sababu sikuwa na hakika.

Jioni ile ile, kukiwa bado na mwanga, tulikitoa tena kila kitu kwa tapentaini. Yeye alishika kitako, mimi nikafuta. Mafuta mabichi ya siku nne hutoka, lakini hutoka kwa kununa. Kisha nikapiga msasa mwembamba tena mahali pote. Tulimaliza bila kuzungumza, isipokuwa mara moja aliponiuliza yale mafuta niliyanunua wapi, nami nikamwambia mjini, jibu ambalo lilikuwa kweli na halikusaidia.

Alhamisi dukani kulipofunguliwa nilikuwa mlangoni. Muuzaji aliniona akafurahi, kisha akaona uso wangu akaacha.

"Linsidi yako haikauki," nikamwambia.

"Ulichukua mbichi."

"Niliichemsha."

Alinitazama. "Uliichemsha wapi?"

"Kwa jiko."

"Mama," akasema polepole, akiweka viganja viwili juu ya kaunta, "ukienda stendi ukanunua mayai ya kuchemsha, unaenda nayo nyumbani unayachemsha?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Yamechemshwa."

"Na sasa yai bichi ukinunua, ukienda kulichemsha, linakuwa kama la stendi. Lakini hii si yai, mama. Hii wanachemsha kiwandani na kutia dawa ya kukausha ndani. Wewe kwa jiko lako ulitia dawa gani?"

Nikafikiri. Nilikuwa nimetia makaa.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nimeshindwa na neno moja. Ya kuchemsha. Ukisema maji ya kuchemsha, huenda bado yako mtungini yanangoja moto. Ukisema mayai ya kuchemsha, yako tayari na chumvi yake. Lugha haikuniambia ni lipi, na mimi nilichagua lile lililokuwa rahisi kulipa. Huyu muuzaji na mimi tulikuwa tumezungumza Kiswahili, yeye akitoka kwenye Kijaluo chake na mimi kwenye Kigusii changu, tukakutana katikati na kila mmoja akarudi kwake na maana yake.

Nilinunua ya kuchemsha. Sikuomba apunguze. Yeye ndiye aliyekaa akingoja niombe, na nilipohesabu pesa na kumpa bei aliyosema, alizihesabu upya, jambo ambalo hakuwahi kunifanyia. Ndipo akanipa maelekezo bila kuulizwa. Mkono wa kwanza changanya na tapentaini nusu kwa nusu, ili iingie ndani. Paka kidogo. Ngoja kama robo saa. Kisha futa yote.

"Yote?"

"Yote unayoiona. Ile huioni ndiyo kazi. Wewe unapaka kama vanishi, sivyo?"

"Napaka kama mtu aliyelipia."

"Hii ni kinyume. Na vitambaa usivikunje ukavitupa kwa kona. Vinashika moto vyenyewe."

"Bila kiberiti?"

"Bila."

Ilinikera kwamba jiko langu lilichukua makaa ya nusu saa bila kufanikiwa chochote, na kumbe kitambaa kikikunjwa vibaya kinajiwashia bure. Nilivitandaza vitambaa vyote kwenye ua, kimoja kimoja, vitano. Mwenzangu wa mitumba akaniuliza kama nimefungua tawi.

Tata hakurudi Ikonge. Alimpigia jirani akamwambie mkamuaji, akabaki. Alhamisi kabla ya mvua ya saa tisa nilipaka mkono wa kwanza, mwembamba wa aibu, nikangoja, nikafuta yote. Mbao ilibaki kama haijapakwa kitu. Ilikuwa vigumu kwangu. Kila ninachokijua kinasema kwamba ukifanya kazi lazima ionekane.

Ijumaa asubuhi nilikigusa kwa mgongo wa kidole. Kilikuwa kikavu. Nikakigusa tena kwa kidole kingine.

Mkono wa pili aliupaka yeye. Muuzaji alikuwa amesema kwamba baada ya mkono wa kwanza kitambaa hakina faida. Matone mawili tu kwenye kiganja, na kusugua mpaka mbao ipate joto. Kiganja changu ni cha glavu, kimelainika. Tata alitazama ninavyosugua, akanyoosha mkono, nikampa. Ana viganja vya mtu aliyeshika jembe maisha yake yote, vigumu kuliko msasa wangu mwembamba. Aliketi kwenye kiti cha kuuza na kitako mapajani, akakisugua polepole, kuanzia shingoni kwenda chini, chini kurudi shingoni, na baada ya muda ile mbao ikaanza kuwa na mng'ao uliotoka ndani, kama uso wa mtu aliyelala vizuri. Alifanya hivyo mpaka karibu jua kuzama. Kisha akaacha, akanawa, akasema Sabato inaingia.

Hapo tukagombana. Kwa hesabu yangu tulikuwa na mikono mitatu zaidi kabla ya saa tatu Jumatatu: Jumamosi, Jumapili asubuhi, Jumapili jioni. Ukiondoa Jumamosi, na ile ya Jumapili jioni ambayo isingekauka kufikia saa tatu, unabaki na mmoja.

"Kupaka mafuta si kazi," nikamwambia. "Hata mgonjwa hupakwa mafuta siku ya Sabato."

"Hiki ni mgonjwa?"

"Ni mgonjwa."

"Basi kiombewe."

"Ng'ombe unamkamua Sabato."

"Ng'ombe akiachwa anaumia. Hiki kikiachwa kinaumia?"

"Leseni ndiyo itaumia, Tata. Si wewe uliyeniuliza habari ya risiti?"

Alifuta mikono. Nilijua nimegusa pabaya, na nilijua pia kwamba sitalirudisha neno. Akasema, taratibu, kwamba bunduki ni yake na Sabato si yake. Kisha akakichukua kitako, akaenda nacho chumbani alikolala, kwa sababu ananijua. Sitasema nilikuwa nimepanga kukipaka akiwa kanisani. Nitasema tu kwamba mlango ulifungwa kwa ufunguo, na ufunguo ukaenda kanisani mfukoni mwake.

Kwa hivyo kitako kilipumzika siku nzima kwenye chumba chenye dirisha wazi. Jumapili asubuhi alipokitoa kilikuwa kimekauka mpaka ndani, kigumu, na ukikigonga kwa ukucha kinasikika. Yeye anasema ni Sabato. Mimi nasema ni hewa, na kwamba mikono miwili iliyokauka ni bora kuliko mitatu iliyonata, jambo ambalo mtu wa duka angeniambia kama ningemwuliza. Hatujafikia makubaliano. Alipaka mkono wa tatu na wa mwisho, tone moja na nusu. Hiyo nusu niliipima mimi.

Jumatatu saa tatu kasoro tulikuwa kituoni. Skrubu nilikuwa nazo kwenye kitambaa, mbili, nilizihesabu tulipotoka na tulipofika. Ofisa alichukua kitako bila salamu ndefu, akakipeleka dirishani. Akapitisha kidole gumba mahali palipokuwa na ufa. Akaupitisha tena akautafuta. Akafungua kabati, akakiunganisha na vyuma vyake, akaiinua bunduki begani, akalaza shavu. Kisha akaishusha na kukitazama kiganja chake, kwanza kwa mbele, halafu akakisugua kwa kidole.

Tata alikuwa amesimama wima, kofia mkononi. Sikuwa nimemwona akisimama hivyo tangu mazishi ya mama.

"Baba," akaniambia kwa sauti ya chini, "mwambie ni mikono mitatu."

Ofisa akainua macho. Alimtazama yeye, akanitazama mimi. "Nani baba?"

"Mimi," nikasema.

Aliacha hilo lipite. Nafikiri alikuwa amekaa huku muda wa kutosha kujua kwamba kuna mambo hayaulizwi mara mbili. "Mmepaka linsidi?"

"Ya kuchemsha," nikamwambia.

"Kitako kimeshikika," akasema, akavuta fomu.

Ndivyo ilivyokuwa. Alijaza nambari, akamgeuzia Tata karatasi aweke sahihi. Tata aliisogeza mbali, akairudisha karibu, akaisogeza mbali tena. Akaweka sahihi yake nzuri ya zamani, yenye mkia, mahali palipoandikwa Ofisa Mkaguzi.

Niliona. Ofisa naye aliona. Tulingoja wote wawili Tata agundue, naye aliweka kalamu chini, akavaa kofia, akatabasamu.

Ofisa alitoa fomu nyingine kwenye droo. Aliijaza upya, akaweka kidole kwenye mstari sahihi, akasema, "Hapa, mzee." Tata akaweka sahihi. Muhuri ukapigwa, mara mbili, maana wa kwanza ulikosa wino. Kisha ofisa akamkabidhi bunduki, ikiwa ndani ya mfuko wake, na kwa sauti ya chini kabisa, sauti ya mtu mwenye mzee wake pwani, akasema, "Mwaka ujao, mzee, uje na barua ya daktari wa macho. Fomu sitaweza kuijaza mara ya pili."

"Nimesikia," akasema Tata.

Tulitoka. Nje kulikuwa na jua la asubuhi na watu wengi wanaongoja mambo yao. Tata alitembea akiwa amebeba bunduki kwa mikono miwili, mbele yake, kama mtu aliyepewa mtoto ambaye amekuja kumtembelea tu. Tulivuka lango, tukafika chini ya ukuta penye kivuli. Hapo akasimama kupumua.

"Na macho," akaniuliza, "yenyewe hupakwa nini?"

Nikamwambia sijui, lakini kabla sijanunua chochote safari hii, nitauliza hadi mwisho.